Mstari Uliopinda wa Uwanja wa Shaza

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kunyoosha mstari. Naliandika mwanzo kabisa kwa kuwa najijua. Nikipewa nafasi nitaeleza kamba, kopo na chokaa hadi mchoke, na kosa lenyewe lipite kimya kama lilivyopita kwa miaka kumi na miwili.

Rehema na Shali, ninyi ndio mnaolichukua kopo. Mliniomba niwaandikie namna ya kuchora uwanja wa Shaza, mkasema karatasi moja itatosha. Nimeandika mara tano na kuchana mara nne. Mara ya kwanza niliona herufi zangu zimelala upande. Mara ya pili niliona nimejisifu. Mara ya tatu na ya nne niliona nimedanganya. Hii ya tano ina herufi zilizolala upande pia, lakini nimeiacha.

Nina miaka thelathini na mmoja. Nikisema nimestaafu watu wa Matondoni hucheka, na wana haki. Ila jicho langu la kushoto limestaafu kabla yangu, na mchora mistari asiyeuona mstari ni mtu anayemwaga unga tu.

Nilifika Matondoni nikiwa na miaka kumi na tisa, kutoka Lamu mjini, kwa mjomba wangu anayeunda majahazi. Alinipa chumba nyuma ya kiwanda chake na randa ya kupigia mbao. Siku nzima nikawa juu ya ubao mmoja. Kila nilipoumaliza niliona mahali pameinuka kidogo, nikarudia, hadi ubao ukawa mwembamba hauwezi kushika msumari. Mjomba aliushika akautazama dhidi ya jua.

"Yusufu," akasema, "ubao huu uliupiga randa au ulikuwa ukiubembeleza?"

Hakunifukuza. Alinipeleka uwanjani kwa timu ya Shaza, ambako mchora mistari wao, Bwana Shee, alikuwa anahamia Kizingitini kuishi na binti yake. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mzigo wake umeshafungwa.

"Wajua kwenda kinyumenyume?" akaniuliza.

"Najua."

"Basi kazi waijua."

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa na mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa. Alinionyesha kamba, vigingi, gunia la chokaa na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu chini. Nikamwuliza vipimo. Akashika njia, akageuka mara moja tu.

"Fuata ulipo," akasema. Alikuwa na maana kwamba mstari wa zamani unaonekana, niupite juu yake. Kisha akaenda zake.

Mengine nilijifunza mwenyewe, na haya yaandikeni mahali. Kamba iloweni maji ya chumvi usiku kucha kabla ya kuivuta, la sivyo italegea jua likipanda na mstari utakaa kama tumbo. Upepo uwe mgongoni. Kopo msilitikise, ligongeni kwa kidole, kila hatua mara mbili. Chokaa kavu ikiwaangukia mwilini ipanguseni kwanza, kisha maji mengi. Ukianza na maji kidogo inakula ngozi. Ikiingia machoni, acheni kazi pale pale, mechi isubiri. Hili la mwisho sikulifuata.

Sasa kosa. Wiki yangu ya kwanza niliusoma uwanja kama mtu anavyosoma barua ya posa. Nilikuwa nimetafuta vipimo kwenye simu ya mjomba, nikavinakili vyote daftarini. Mstari wa pembeni, ule wa upande wa minazi, ulianza vizuri kutoka kwenye kibendera cha kona. Ulipofika karibu na katikati uliingia ndani ya uwanja, ukazunguka, ukatoka, ukaendelea zake. Pindo lenyewe lilikuwa na upana wa mtu aliyekaa na kukunjua miguu. Mchanga wa mle ndani ulikuwa umebonyea na kulainika, na hapakuwa na alama ya kiatu hata moja, ilhali huku na huku palikuwa pamekanyagwa na watu na punda.

Nilicheka. Nakiri nilicheka. Nikasema moyoni, kumbe Bwana Shee alikuwa haoni vizuri. Nikapiga vigingi viwili, nikavuta kamba, nikafuta pindo kwa ufagio na kuchora mstari ulionyooka kutoka kona hadi kona. Nilikwenda kuutazama kutoka pande zote mbili, nikalala kifudifudi ili niuone vizuri. Sijawahi kuchora mstari mzuri kama ule, wala sitachora tena.

Kocha wetu wakati huo alikuwa Mwalimu Mutua, mtu wa bara, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Alipita asubuhi ile na mpira kwapani, akasimama kuutazama mstari.

"Imenyooka," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kuongeza neno, kisha akaenda kupanga koni zake.

Mechi ilikuwa alasiri, dhidi ya vijana wa Kizingitini. Mashabiki wa Shaza hawakai. Wanasimama kando ya mstari wa upande wa minazi, bega kwa bega, na kila mmoja ana mahali pake. Nilikuwa nimeambiwa kelele zao zinasikika hadi mikokoni. Wana debe la mafuta wanalolipiga kama ngoma, wana vigelegele, wana matusi ya heshima kwa refa.

Walikuja wote. Walijipanga. Waliutazama mstari, kisha wakatazama mbele, na tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho hakuna aliyefungua kinywa.

Sijui niwaelezeje kimya kile. Watu zaidi ya mia wamesimama juani, hakuna anayekohoa. Unasikia mguu ukigusa mpira. Unasikia pumzi ya mchezaji wa mbali. Vijana wa Kizingitini walipofunga goli la kwanza walianza kushangilia, wakasikia sauti zao wenyewe, wakaacha. Katikati ya safu ya mashabiki palikuwa na uwazi, pale pale pindo lilipokuwa, na mstari wangu mweupe ulipita mbele yake.

Kipindi cha pili winga wetu alitoka na mpira kasi, akifuata mstari, hana mtu mbele. Alipofika pale aliuinua mguu, akakata ndani, akazunguka, kama unavyomzunguka mtu aliyeketi chini. Mpira ukampotea. Hakuangalia alipozunguka. Sidhani alijua kwamba amezunguka.

Tulifungwa tatu bila. Mwenyekiti wa kamati alivuka uwanja na wenzake wawili hadi kwenye benchi letu, mashabiki wamesimama vilevile nyuma yao.

"Ni nani alonyosha mstari?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya Bwana Shee, kopo miguuni. Mwalimu Mutua alinitazama mikono, akatazama uwanja, akasimama.

"Ni mimi nilimwagiza," akasema. "Kijana alifuata amri yangu."

Hiyo ndiyo sentensi niliyoiacha ipite. Hapakuwa na shida yoyote ya kuikatiza. Ilikuwa ni kusema "hapana" tu. Kabla ya magharibi kamati ilikuwa imemwondoa Mwalimu, na muhula ulipokwisha alipata uhamisho wa shule, akaondoka na sanduku moja na ubao wake wa kuchorea mbinu. Sikwenda kumuaga.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Bi Salma, mwanamke anayeuza bajia nje ya uwanja na anayesimama kando ya ule uwazi. Nikamwuliza pale pana nini.

"Wewe wa mui, waniuliza mimi?" Mui ni mji, na akisema hivyo ana maana ya watu wa Lamu tunaojiona tunajua kusoma. "Pale ni pa mama yangu."

Mama yake alikuwa Bi Rukia, aliyefariki miezi miwili kabla sijafika. Alikuwa akiketi pale kwenye mkeka uliosukwa Kipungani, na bajia zake kwenye sinia. Uwanja ulipopimwa upya mstari ulipita katikati ya mkeka. Bwana Shee alimwomba asogee nyuma. Bi Rukia akamwambia kwamba yeye alikaa pale msimu mzima ambao Shaza hawakushinda hata mechi moja, siku nyingine yeye peke yake na punda, na kama kuna kitu cha kusogea, basi ni chokaa. Bwana Shee akauzungusha mstari. Waamuzi wa wilaya waliulalamikia mwaka wa kwanza, wakala bajia, wakauzoea.

"Na sasa hayupo," nikasema.

Bi Salma alinitazama, si kwa hasira.

"Ni nani alokwambia?" akasema.

Jioni ile nililirudisha pindo. Mchanga wa ndani, niliokuwa nimeufagia mwenyewe, ulikuwa umebonyea tena kwa umbo lile lile. Kuku hulala mahali kama hapo, najua. Nilitafuta manyoya, sikuyaona.

Baada ya Mwalimu walifuata makocha wanane. Sitawaeleza wote; wengine nimesahau hata nyuso zao, na mmoja alikaa siku kumi na moja, nusu yake akiwa na homa. Kilichonishangaza kila mara ni kwamba kocha alikuja na kuondoka, mashabiki hawakuhama hata hatua moja. Niliwahi kusikia kwingine watu wakiacha kwenda uwanjani wakichukizwa. Wa kwetu wakichukizwa huja mapema zaidi. Huja, husimama, hunyamaza. Kocha anayepewa kimya kile mara tatu hufunga mizigo mwenyewe kabla kamati haijakaa.

Kwa woga wangu nilianza kuandika. Katika daftari la vipimo nilichora safu nzima ya mashabiki kwa hatua kutoka kibendera cha kona: hatua ya thelathini na tatu, mshona tanga, Bwana Kombo; hatua ya thelathini na sita, Bi Salma; hatua ya thelathini na saba, pindo. Nilijiambia nafanya hivyo nisikosee tena. Ukweli nilikuwa nataka kujua ni nani anayenitazama.

Hivyo ndivyo nilivyogundua kwamba pindo halikuwa peke yake. Fundi wa milingoti alipofariki, mahali pake pakabaki wazi, upana wa mabega yake. Alipofariki mzee aliyekuwa akija na redio sikioni ili asikilize mechi nyingine huku akitazama yetu, pakabaki wazi pia, na baadaye pa mvuvi mmoja. Hawakusogea kuziba. Pakiti ya bajia inayopitishwa mkono kwa mkono ilipofika kwenye uwazi ilirushwa, ikadakwa upande wa pili, na safari ikaendelea. Miaka ilivyokwenda mirusho iliongezeka.

Kocha wa nne, kijana wa Mombasa mwenye miwani mizuri, alitaka kupiga picha za mashabiki.

"Sogeeni, sogeeni, mzibe hizo gap," akawaambia. "Kwa picha inaonekana hatuna watu."

Hakuna aliyesogea. Bwana Kombo alimjibu kwa upole kabisa.

"Bwana Kocha, hapa pamejaa."

Kijana akacheka, akatazama kushoto na kulia apate mtu wa kucheka naye. Kisha akaishusha simu polepole. Nilikuwa karibu yake. Alipofika benchi alinionyesha ile picha, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nami naona kwamba watu wote wanaosimama kando ya nafasi zile wameinamisha bega la upande huo, kama unavyoinamisha bega mwenzako akikuegemea. Nikamwambia ni jua. Hakupiga picha tena.

Kocha wa sita alinitaka ninyooshe mstari. Nilikataa, na hicho ndicho kitendo changu pekee cha ushujaa, ambacho hakikunigharimu kitu. Akachukua kopo akaunyoosha mwenyewe, vibaya. Asubuhi yake tukakuta mstari wote upo isipokuwa kipande kile. Kilikuwa kimeondoka safi, mchanga haujaparurwa. Punda hulamba chokaa, mnajua. Nilimwambia hivyo. Alichotaka kujua ni kwa nini punda walamba kipande kimoja tu chenye urefu wa mkeka, na mimi si mtaalamu wa punda.

Lakini kilichoninyima usingizi kilikuwa kingine. Hesabu za daftari langu hazikulingana. Nilihesabu waliofariki nikapata watatu, na Bi Rukia wa nne mwenye pindo lake. Nilihesabu nafasi nikapata nne, bila pindo. Nilirudia mechi baada ya mechi. Kulikuwa na nafasi moja isiyo na mtu wake: kati ya Bwana Kombo na Bi Salma, hatua ya thelathini na nne na nusu. Pale hapakuwahi kufa mtu.

Nilimwuliza Bwana Kombo, nikijifanya nauliza kwa mzaha.

"Hapo pana mtu," akasema, akaendelea kutafuna.

Nafasi hiyo, mkivuta kamba kutoka kwake moja kwa moja kuvuka uwanja, inafika kwenye ndoo yangu. Nilivuta kamba kuhakikisha. Haikukosea hata kiganja. Nilipokaa na kuinua kichwa niliitazama, na kupitia kwake niliona minazi na ukuta wa mchanga, basi. Nikaanza kuamini kwamba ni yangu. Kwamba watu hawa wanajua mwisho wangu, wameniwekea mahali mapema kwa adabu, na wanangoja. Nacheka nikiandika hivi, lakini mwaka ule sikuvuka bahari hata mara moja, wala sikupanda mnazi, wala sikula pweza ambaye sikumwona akipikwa.

Halafu nikamwona mtu pale. Ilikuwa saa tisa alasiri, kabla ya mechi, mashabiki hawajafika. Niliinua kichwa kutoka kwenye kopo na kwenye hatua ya thelathini na nne na nusu palisimama kitu cheupe, kirefu, hakina uso. Nilifumba macho, nikafumbua. Kikabaki. Nilipogeuza shingo kikageuka nami. Siku nyingine kilirudi, na siku nyingine, kila mara jua likiwa upande ule.

Mjomba alinikokota hospitali Lamu. Daktari akanimulika, akaniuliza nafanya kazi gani, akaniambia jicho la kushoto lina kovu. Chokaa ya miaka yote ile imeacha doa kwenye kioo cha jicho, na doa likipigwa na jua huonekana jeupe. Nikiendelea na kopo, la kulia litafuata.

Mngefikiri nilifurahi kusikia ni kovu. Nilifurahi hadi nilipopanda punda kurudi Matondoni. Ndipo nikawaza: doa liko jichoni, sawa. Kwa nini kila mara lilianzia pale?

Msimu uliopita nilijua ndio wa mwisho. Nilikuwa na mechi tatu za kuchora. Siku ya kwanza kati ya hizo nilichora mstari, nikafika kwenye pindo, nikalizunguka, na badala ya kwenda kukaa kwenye ndoo nilibaki nimesimama ndani ya uwanja nikiwatazama mashabiki walipokuwa wanajipanga. Nilikuwa nimeandika hotuba yenye sehemu tatu. Sehemu zote tatu zilitoweka.

"Si Mwalimu Mutua alonyosha mstari," nikasema. "Ni mimi. Hakuniagiza. Nilinyamaza akafukuzwa."

Kimya kile nilichokiogopa miaka yote kilinishukia mimi peke yangu. Kisha Bwana Kombo akapangusa midomo.

"Twajua," akasema.

"Mwajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Mikono yako ilikuwa myeupe hata viwiko. Mwalimu hakujua hata kopo lawekwa wapi."

"Na alikuwa mwongo mbaya sana," akaongeza Bi Salma. "Masikio yamwiva mekundu."

Watu wakacheka kidogo, safu nzima, na hilo liliniumiza kuliko kupigwa.

"Basi mbona mlimwacha ende?"

"Sisi hatukumtoa," Bwana Kombo akasema. "Kamati ndiyo ilomtoa. Sisi tulimwekea mahali."

Akanyoosha mkono wake wa kushoto pembeni, kwenye hatua ya thelathini na nne na nusu, bila kutazama, kama unavyomgusa mtu unayejua yuko pale. Bi Salma akanieleza kilichobaki. Kila mapumziko, Mwalimu Mutua alikuwa akivuka uwanja kuja kumwamkia Bi Rukia, na akisimama, husimama pale. Mechi iliyofuata baada ya kuondolewa waliacha nafasi. Hawakukubaliana. Kila mmoja alifika akaikuta imeachwa na mwingine.

"Lakini nafasi ni za waliokufa," nikasema.

"Ni nani alokwambia?" akasema Bi Salma, kama alivyosema miaka kumi na miwili nyuma. "Twawawekea wetu. Aliye hai na asokuwa hai, sisi hatuchagui." Akanitazama usoni. "Na wewe twakungoja kitambo, Yusufu. Umechelewa mno. Kakae, mechi yaanza."

Namba ya Mwalimu niliipata shuleni. Ilinichukua siku nne kubonyeza. Alikuwa anafundisha huko bara, sauti ile ile. Nilimweleza yote kwa pumzi moja.

"Wewe ndiye ulikuwa na ile ndoo?" akasema. "Sikiliza. Mimi nilikuona asubuhi ukinyoosha. Nilijua pale ni pa nani. Ningekuambia, lakini ulikuwa mstari mzuri, na mimi ni mtu wa hesabu. Kwa hivyo usibebe yote."

"Lakini ulifukuzwa wewe."

"Mimi nilikuwa na pa kwenda. Wewe ungeenda wapi? Ungeishi na kile kimya hapo kijijini?" akauliza. "Mimi bado nakisikia, kusema kweli. Nikiwa darasani watoto wakiandika mtihani."

Nikamwambia kuhusu nafasi. Akaniuliza mechi ya mwisho ni lini.

Alifika kwa boti ya mchana, mnene zaidi, kichwa kimeota mvi, shati la kazini. Sikwenda kumpokea gatini. Nilikuwa nachora, na mstari wa mwisho sikutaka uharibike. Nilimwona kwa jicho la kulia akitokea kona ya minazi, mashabiki wamekwisha kujipanga, migongo imemwelekea. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyemwonyesha. Alitembea nyuma ya safu, akipita migongo mmoja baada ya mwingine, akapita nafasi ya fundi wa milingoti bila kusimama, akapita ya mzee wa redio. Kwa jicho la kushoto, doa langu jeupe lilikuwa limesimama pale lilipozoea. Aliingia kati ya Bwana Kombo na Bi Salma, akasimama ndani yake. Sikuliona tena siku ile.

Bwana Kombo alikuwa ameshika pakiti ya bajia. Hakugeuza kichwa. Miaka kumi na miwili alikuwa akiirusha kufika kwa Bi Salma. Safari hii alinyoosha mkono tu, na Mwalimu akaipokea, akachukua moja, akaipitisha mbele.

Debe likapigwa. Kelele zilizotoka pale nilizisikia tumboni. Tulitoka sare, ikiwa mnapenda kujua, na kocha wa tisa yuko kazini bado, ingawa nisingemshauri anunue kitanda.

Mwalimu alirudi bara siku ya pili. Mahali pake pako vilevile, alipoondoka hawakuziba. Kwa hiyo Rehema, Shali, msije mkahesabu nafasi mkaogopa. Kamba iloweni. Upepo uwe mgongoni. Mkifika pindo, zungukeni taratibu, na msiingize mguu. Mkiwa na haraka semeni "hodi", hakuna atakayewacheka.

Haya ndiyo yaliyobadilika. Sichori tena. Jicho la kulia limesalimika, la kushoto limebaki hivyo, na doa silioni uwanjani tena, naliona kwingine tu. Ndoo nimewaachia. Siku za mechi nasimama upande wa minazi na wengine, hatua ya arobaini na tisa kutoka kona, na mstari ukiwa umekosewa kidogo mahali, nauona, na nanyamaza.